Miguu Ibaki, Masikio Yatoke

Mtoto wa mbwa anayefika nyumbani akiwa na wiki 8 huja na kalenda mbili, na mwenye mbwa huonyeshwa moja tu. Hiyo moja iko kwenye kadi ya chanjo, kwa mwandiko wa daktari wa mifugo: sindano ya kwanza leo, nyingine kila baada ya wiki tatu au nne, ya mwisho akishatimiza wiki 16. Kalenda ya pili haikuandikwa mahali. Imo kichwani mwa mbwa mwenyewe. Ilianza kuhesabu alipokuwa na wiki 3, macho yakiwa ndiyo kwanza yamefunguka vizuri, na ikifika wiki ya 12, ikichelewa sana ya 14, inafungwa.

Katika wiki hizo ndipo mbwa anapoamua dunia ya kawaida ina vitu gani. Watu warefu na wafupi, mtoto anayekimbia, mvua juu ya bati, honi ya bodaboda, sufuria inayoanguka kwenye sakafu ya saruji: alichokutana nacho akiwa ametulia kinaingia katika mambo ya kila siku. Ambacho hakukutana nacho atakikuta ukubwani, na atakiogopa kwanza.

Sasa ziweke kalenda hizo pamoja. Mtu aliyeambiwa "usimtoe mpaka amalize chanjo", akatii kwa uaminifu, atafungua geti wakati kalenda ya pili imeshafungwa wiki kadhaa. Mbwa wake atatoka akiwa na kinga kamili ya mwili na woga wa karibu kila kitu. Sura hii inaeleza namna ya kuzitii kalenda zote mbili, na jibu langu nalitanguliza hapa: miguu ya mbwa ibaki ndani, macho, pua na masikio yake yatoke.

Katazo lile halikutungwa na wajinga. Kabla ya mwaka 1978 madaktari hawakuijua pavo, yaani hii pavo ya mbwa inayotuhangaisha leo. Mwaka huo kirusi kipya, ndugu wa karibu wa kirusi kinachoua paka, kilitambuliwa kwa mbwa, na ndani ya miaka miwili kilikuwa kimeizunguka dunia. Hushambulia chembe za mwili zinazozaliana kwa kasi, hasa utando wa utumbo na uboho wa mifupa. Mtoto wa mbwa aliyekuwa akirukaruka Jumatatu anakataa chakula Jumanne, anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Asipotundikiwa maji mapema anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mgonjwa mmoja huacha virusi visivyohesabika katika kinyesi chake, navyo hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka pakiwa na kivuli na unyevu. Vinapanda kwenye soli ya kiatu na kwenye tairi la pikipiki. Sabuni ya kufulia haiviui. Daktari aliyezika watoto wa mbwa wa uzao mzima ana haki ya kukuambia ufunge geti.

Lakini upande wa pili wa hoja ulikuwa umeshajulikana kabla pavo haijatokea. Huko Bar Harbor, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine nchini Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller wa Jackson Laboratory walitumia zaidi ya miaka kumi kulea watoto wa mbwa wa aina tano na kufuatilia tabia zao wiki hadi wiki. Mojawapo ya aina hizo alikuwa basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, mkia umesokotwa mgongoni, asiyebweka kama wenzake. Akiwa na wiki 5, mtoto wa basenji ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote: alimkimbia mtu, na akibanwa alitaka kung'ata. Wiki chache za kushikwa na kuchezewa zilimbadilisha haraka. Kitabu cha watafiti hao kilitoka mwaka 1965, na mpaka leo watu wa fani hii wanakirejea.

Jaribio kali zaidi lilifanywa hapohapo na Daniel Freedman, John King na Orville Elliot, likachapishwa katika jarida la Science mwaka 1961. Watoto wa mbwa walikulia pamoja na mama zao katika uwanja wenye uzio mrefu, bila kuonana na watu. Kisha baadhi yao walitolewa kwa wiki moja tu ya kuwa karibu na binadamu: wengine walipokuwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9. Waliobaki hawakuguswa mpaka wiki ya 14. Wale waliokutana na mtu mapema walimzoea, kila kundi kwa kiwango chake. Wale wa wiki 14 walikuwa wanyama wa porini. Hawakukubali kuongozwa kwa kamba, na kadiri walivyosogelewa ndivyo woga ulivyozidi.

Hao wa mwisho hawakuteswa. Walikuwa na mama, chakula, nafasi ya kukimbia na afya njema. Walichokosa ni watu, kwa wakati wake. Nikipita mitaa ya Tegeta au Kimara na kuona banda la mbwa nyuma ya nyumba, limejengwa vizuri, lina maji safi, na ndani yake kuna mtoto wa mbwa ambaye kwa wiki nzima haoni mtu isipokuwa mkono unaoleta ugali na dagaa, nawakumbuka wa Bar Harbor.

Watu huuliza kwa nini sindano zinarudiwa, kama ile ya kwanza ni dawa ya kweli. Ni ya kweli. Tatizo liko kwenye maziwa. Siku ya kuzaliwa, mtoto hunyonya yale maziwa mazito ya mwanzo yanayobeba kinga ya mama. Kinga hiyo ni kama mlinzi wa zamu ya usiku: analinda vizuri, ila hamtambui mlinzi wa mchana, na akimwona getini anamfukuza. Chanjo inapoingia mwilini wakati kinga ya mama bado ina nguvu, inafukuzwa kabla haijafundisha chochote. Nguvu hizo hupungua taratibu, takriban nusu kila baada ya siku kumi, na hufika wakati mlinzi wa usiku amechoka kiasi cha kushindwa kumzuia mwizi lakini bado anaweza kumsukuma mwenzake. Wakati huo mtoto wa mbwa hana ulinzi wowote, hata kama alichomwa sindano juzi. Kwa mmoja wakati huo huwa wiki ya 7, kwa ndugu yake wa uzao uleule wiki ya 12. Kwa kuwa haionekani kwa macho nani yuko wapi, daktari anarudia mpaka wiki ya 16, ambapo kinga ya mama huwa imekwisha kwa karibu wote. Na kwetu mara nyingi hatumjui hata huyo mama: kama hakuwahi kuchanjwa wala kuugua akapona, huenda hakuwa na kinga ya kurithisha.

Neno moja kuhusu chanjo yenyewe, kisha tuendelee. Inapaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 tangu kiwandani hadi kwenye bomba la sindano. Chupa iliyozunguka mjini mchana kutwa ndani ya mfuko wa rambo haimkingi mbwa, hata kadi ikigongwa mhuri. Akija daktari nyumbani kwako, tazama kama amebeba kibebeo chenye barafu. Akikasirika kwa kutazamwa, tafuta mwingine. Na muuzaji wa kando ya barabara anayekunyooshea mtoto wa mbwa dirishani mwa gari akisema, "Bosi, huyu kashachanjwa zote," anakudanganya kwa hesabu rahisi: mbwa mwenye wiki 6 hawezi kuwa amemaliza kitu kinachoishia wiki ya 16.

Je, ni salama kumzoesha dunia kabla ya hapo? Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuanza madarasa ya kuzoeshwa akiwa na wiki 7 au 8, maadamu amepata walau chanjo ya kwanza siku 7 kabla na amepewa dawa ya minyoo. Wengine walishtuka. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliokusanya taarifa kutoka kliniki 21 katika miji minne ya nchi hiyo: watoto wa mbwa 279 waliohudhuria madarasa hayo, hakuna hata mmoja aliyeshukiwa kuwa na pavo. Waliochanjwa na kuhudhuria hawakuwa hatarini zaidi kuliko waliochanjwa na kubaki nyumbani.

Takwimu hizo zinanipa moyo, lakini sizihamishii Mbagala hivihivi. Darasa la namna hiyo hufanyika kwenye sakafu inayodekiwa kwa dawa, na kila mbwa anayeingia ana kadi. Uchochoro wetu haudekiwi, na mbwa koko anayelala chini ya genge la nyanya hana kadi. Nililochukua kwao ni kanuni: wanachokikinga ni sakafu. Hatuna sakafu zao, basi tutumie mikono yetu.

Ukijua pavo inakaa wapi, mambo mengi yanakuwa mepesi. Iko chini. Hairuki hewani kutoka ng'ambo ya barabara. Mtoto wa mbwa aliyepakatwa nje ya kituo cha daladala, akiwatazama abiria mia wakigombea mlango, yuko salama kuliko yule aliyewekwa dakika moja kwenye majani ya kando ya njia ili akojoe. Distempa ni tofauti kidogo: hutoka kwa mbwa mgonjwa anayekohoa na kutokwa na makamasi, na nje ya mwili wake haidumu, jua huimaliza upesi. Kwa hiyo distempa unaikwepa kwa kukaa mbali na mbwa usiowajua. Usiidharau. Mwaka 1994 iliingia Serengeti, ikahusishwa na mbwa wa vijiji vya pembeni mwa hifadhi, na iliua karibu theluthi moja ya simba, takribani 1,000. Ya tatu ya kukumbuka ni leptospira, ambayo Watanzania waliijua zaidi kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022. Panya huikojoa kwenye maji yaliyotuama. Dimbwi la baada ya mvua, basi, mbwa alitazame tu.

Nyumbani, viatu vya wageni vibaki mlangoni. Kwa watu wengi wa pwani hilo ni desturi tayari, tunalisogeza tu mpaka pale anapochezea mbwa. Kama uzio wako una tundu na mbwa wa mtaani wanapita usiku, uwanja wako uhesabu kuwa ni mtaa. Asiye na uzio atumie baraza au kibaraza cha saruji. Osha kwanza uchafu wote, kisha mwagia dawa ya kung'arisha nguo, ile yenye klorini, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, uiache dakika kumi kabla ya kusuuza. Soma chupa: kama nguvu yake iko chini ya asilimia 5, punguza maji. Kwenye udongo haifanyi kazi ya maana, hata umwage ndoo nzima. Na nyumba ambayo mbwa alikufa kwa pavo mwaka huu isichukue mtoto wa mbwa mwingine kabla chanjo zake hazijakamilika. Katika hali hiyo peke yake ningekubali alelewe kwingine kwanza.

Sasa tutoke. Chombo cha kutokea ni kapu la ukindu lililotandikwa kitambaa, au boksi, au mikono yako, au kanga uliyoifunga kifuani. Bibi wa jirani atauliza, "Mjukuu wangu, siku hizi mbwa nao wanabebwa mbeleko?" Msalimie, shikamoo bibi, umwachie acheke, naye kicheko chake ni sauti mpya ambayo mbwa ameisikia leo. Simama naye kwenye kivuli mkabala na gereji ya kuchomelea. Kaa naye ndani ya gari nje ya shule saa ya kutoka. Mpeleke kwenye mashine ya kusaga, umbali ambao mlio unasikika lakini hautetemeshi kifua. Dakika tano au kumi zinatosha, mara moja kwa siku, kisha arudi alale, kwa sababu mbwa wa umri huo hulala sehemu kubwa ya siku na aliyechoka huogopa haraka.

Umbali ndio ufundi wote. Watu wengi hukosea hapa wakidhani kuzoesha ni kumtupia mbwa jambo mpaka azoee. Mtoto wa wiki 8 au 9 akitishwa vibaya anaweza kubaki na hofu hiyo maisha yake. Mpimie kwa dagaa. Akiwa anawapokea na kuwatafuna, yuko sawa. Akiwageuzia uso, au akawachukua kwa pupa isiyo ya kawaida, mko karibu mno. Rudini nyuma hatua kumi. Kabla ya hapo atakuwa ameshakuambia kwa njia nyingine: anapiga miayo bila usingizi, analamba pua, masikio yamelala nyuma, mkia umebana tumboni, mwili umekuwa mgumu mikononi mwako. Asilazimishwe. Akitaka kuficha uso kwapani mwako, mwachie. Kumfariji hakumfundishi woga, ingawa wazee wetu wengi wa mbwa husema hivyo.

Wageni ni hazina, nasi hatuna upungufu wa wageni. Mwombe fundi bomba aketi dakika mbili kwenye ngazi, amtupie kipande cha kuku, asimwinamie. Mlinzi wa Kimasai na fimbo yake na shuka lake. Dada wa kazi akiwa na ufagio. Mwenye mwavuli, mwenye kofia ya pikipiki kichwani, mwenye ndevu, mwenye kutembea kwa mkongojo. Watoto waketi chini kwanza, mmoja mmoja, wanawe mikono kabla na baada: kabla kwa ajili ya mbwa, baada kwa ajili yao, maana watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari wana minyoo inayoweza kumpata binadamu. Dawa ya minyoo hupewa kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki 12, na ni nafuu kiasi kwamba hakuna sababu ya kuiruka.

Hapa pwani lipo jambo ambalo vitabu vya wenzetu haviligusi. Majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi nzito, na nguo iliyoguswa nayo haiswaliwi mpaka ioshwe kwa utaratibu wake. Usimwombe mtu wa namna hiyo amguse mbwa wako, wala usimsogezee kapu kwa utani. Huna haja. Mbwa humzoea mtu kwa kumwona akipita kwa amani, amevaa kanzu inayopepea au buibui, hatua tano kutoka alipo, huku yeye anakula dagaa. Kwa kweli hili ndilo somo analolihitaji zaidi, kwa sababu mbwa anayeona kila binadamu ni mtu wa kumrukia na kumlamba atakugombanisha na nusu ya mtaa. Mfundishe kwamba watu hupita. Adhana ya alfajiri kutoka kipaza sauti cha karibu ataizoea mwenyewe ikiwa alilala ndani ya nyumba yenye watu siku za mwanzo. Aliyeachwa peke yake gizani kwenye banda huanza kuijibu kwa kulia, na tabia hiyo huganda.

Sauti ambazo hazipatikani kila siku zitafute kwenye simu. Radi, fataki za mwaka mpya na za Idi, ving'ora. Ziwashe kwa sauti ya chini kabisa wakati anakula, uongeze kidogo siku hadi siku, na siku atakayoinua kichwa kutoka kwenye bakuli, punguza. Vitu vya kukanyaga navyo viletwe ndani: mkeka, gunia, karatasi ya nailoni inayochakarika, kipande cha bati, mchanga mkavu wa mtoni uliopakuliwa na lori na ambao hakuna mbwa aliyeulalia. Mshike masikio, mfungue mdomo, mbonyeze vidole vya miguu, umpe kitu kitamu. Daktari atakushukuru kwa miaka kumi. Kliniki penyewe asishushwe chini, akae mapajani mpaka aitwe. Sakafu ya chumba cha kungojea ndipo wagonjwa wa pavo walipopita asubuhi.

Na mbwa wenzake? Anawahitaji. Mbwa asiyewajua mbwa huwa mgomvi au kichekesho. Mahali pazuri pa kuanzia ni kwa mama yake na ndugu zake, ndiyo maana asichukuliwe kabla ya wiki 8: huko ndiko anakojifunza kwamba ukimng'ata mwenzio kwa nguvu mchezo unaisha. Baada ya hapo tafuta mbwa mmoja au wawili wazima, wenye kadi unayoiona kwa macho yako, wapole kwa watoto, wanaoishi ndani ya uzio unaofungwa. Wakutane kwenye uwanja wao au wako, kamwe si njiani. Mbwa mzima atamnguruma kidogo na kumkalisha chini. Usiingilie isipokuwa mtoto analia na mkubwa haachi. Mbwa koko mpe huruma yako na mabaki ya chakula ukipenda, ila kwa wiki hizi awe mbali.

Kuna pingamizi ambalo hulisikia kila nikizungumza haya, na husemwa na watu wazima wenye busara zao: "Mimi sitaki mbwa wa sebuleni, nataka mbwa mkali. Nikimzoesha watu, nani atalinda nyumba?" Wanayemtaka ni mbwa anayejiamini. Wanayempata kwa kumfungia ni mbwa mwoga, na hao wawili hufanana tu wakiwa nyuma ya geti. Mwoga hubweka usiku kucha, kwa popo, kwa jani, kwa gari la jirani, mpaka mwenye nyumba anaacha kutoka kutazama. Hapo mwizi amepata nafasi yake. Akifunguliwa, mwoga hung'ata kwa nyuma, tena humng'ata anayemfikia kirahisi: mtoto, mgeni aliyegeuka, dada anayeanika nguo. Mwizi mwenye panga humpisha. Mbwa aliyezoeshwa watu wengi hajifunzi kuwapenda wote. Anajifunza kawaida ikoje, na kwa hiyo mtu anayeruka ukuta saa nane za usiku anamshtua kama inavyopasa. Mbwa wa polisi hulelewa hivyohivyo, katikati ya kelele na watu tangu wadogo, na sijasikia mtu akiwaita wapole.

Kichaa cha mbwa nimekiweka peke yake kwa sababu hakihusu afya ya mbwa tu. Chanjo yake kwa kawaida hutolewa mbwa akiwa na wiki 12, ila katika maeneo yetu, ambako ugonjwa upo, wataalamu hushauri hata wadogo wa chini ya hapo wachanjwe kampeni inapopita mtaani, kisha warudiwe. Usiambiwe "huyu bado mdogo" ukarudi naye nyumbani. Mwombe bwana mifugo amchanje, naye aandike tarehe. Watoto wa mbwa huambukizwa, na kwa kuwa kila mtu anataka kuwabeba, mmoja anaweza kung'ata au kulamba vidonda vya watu wengi kabla haijajulikana. Meno yao ni kama sindano na mchezo wao ni kung'ata, kwa hiyo mikwaruzo haikosekani. Ikiwa mbwa ametoka kwa mama asiyejulikana, au ameng'atwa na mbwa wa mtaani, au tabia yake imebadilika ghafla, mkwaruzo uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyekwaruzwa aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba.

Wiki ya 16 ikipita na sindano ya mwisho ikapewa siku saba mpaka kumi na nne ifanye kazi, mbwa anakanyaga chini. Kwa aliyelelewa hivi hakuna kioja siku hiyo. Ataishughulikia harufu ya udongo kwa nusu saa, atasahau kwamba yuko kwenye kamba, ataipita gereji bila kugeuka. Muulize daktari kuhusu sindano ya miezi 6, ambayo huwanasa wale wachache ambao hata wiki ya 16 kinga ya mama ilikuwa haijaisha.

Wapo watakaosoma haya wakiwa na mbwa wa miezi minne au mitano aliyetoka kwenye banda jana. Kalenda yake imefungwa, lakini kazi haijaisha kabisa. Imekuwa ngumu na ya polepole. Mlishe kwa mkono, chakula chote, ukiwa umekaa chini umempa ubavu. Mtu mmoja kwanza, kwa wiki kadhaa, kisha wa pili. Umbali mrefu, dagaa wengi, na asiguswe mpaka asogee mwenyewe. Atakuzoea wewe na watu wa nyumbani, pengine sana. Wageni atawavumilia, pengine, kwa mbali. Msongamano huenda asiupende kamwe, na si kosa lake, kwa hiyo mtafutie maisha yanayomfaa: nyumba yenye uzio, watu walewale kila siku, kibao cha onyo getini, na kona yake ya kujificha wageni wanapokuja. Anayefungua duka barazani, watoto wakija kununua maandazi tangu alfajiri, asimchukue mbwa huyu, hata akipewa bure.